Sura ya Saba: Kalavati la Nyamoko

Athanas hakuomba chai wala wakili. Aliomba mkanda wake.

"Afande, suruali inanidondoka. Jumatatu nikisimama mbele ya hakimu nimeshika suruali kwa mkono, nani ataamini kwamba najua kujenga?"

"Mkanda utaupata ukitoka," Sajenti Mokami alisema. "Kaa."

Athanas alikaa. Alikuwa mkandarasi mdogo, mwenye lori moja na katapila la kukodi. Mwaka juzi serikali ilitoa fedha za barabara ya Mbalibali, naye akapewa kipande cha korongo la Nyamoko: ainue tuta, na chini ya tuta aweke kalavati la mabomba mawili ili maji yapite chini na magari yapite juu. Alijenga, akakabidhi, akaondoka. Mwaka huu, mvua ya kwanza ya vuli, tuta likamegeka gari likiwa juu yake. Ndani ya gari alikuwamo Ester, mke wa Emanuel, anawahishwa hospitali ya Mugumu kujifungua. Alikufa majini na mtoto wake tumboni. Kesho yake Athanas alikamatwa Sirari, hatua chache kabla ya mpaka.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Ungekuwa wewe ungebaki? Watu wameshasema nimekula hela ya barabara. Wewe ni Mkurya, afande. Unajua wangenifanya nini kabla gari lenu halijafika."

Mokami alijua. Alikuwa binti wa Tarime.

"Ulikula?"

"Nilikula ugali wa mama ntilie pale Mbalibali, na huo nililipa." Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia. "Kagonge yale mabomba mwenyewe. Nilisuka nondo, nikamwaga zege, nikamwagilia maji kama mtu anayelea miche. Wanaosema simenti ilikuwa kidogo walikuwepo?"

"Basi kwa nini tuta lilikatika?"

"Hapo ndipo sielewi. Wanasema maji yalipita juu ya barabara. Juu! Mabomba yale mtu anaingia ameinama. Mvua ya kwanza, ardhi bado ina kiu, maji yanapitaje juu?" Aliegemea meza. "Polisi waliokwenda waliangalia upande wa chini, gari lilikoangukia. Nenda upande wa juu, afande. Maji yanakotoka."

Koplo Godwin, aliyekuwa anaandika maelezo, alimtazama Mokami. Mokami alisimama.

"Mlete maji ya kunywa," alimwambia askari wa mlangoni.

*

Amos, dereva wa ile Noah iliyombeba Ester, alikuwa wodi ya wanaume, mguu wake umefungwa plasta mpaka juu ya goti.

"Nilikuta maji juu ya barabara," alisema, "ila membamba, hayafiki hata kwenye rimu. Mvua nayo inapiga bati mpaka hamsikilizani. Ningefanyaje? Mama analia nyuma. Mume anasema pita, kijana, pita, mura."

"Ester mwenyewe alisema nini?"

Amos aligeuza uso ukutani.

"Alitaka kushuka."

"Pale kwenye maji?"

"Kabla hatujaingia. Alishashika mlango. Anasema niteremsheni hapa, niteremsheni, ananyoosha mkono kule kwenye miti. Nikajua ni uchungu. Mume wake akamshika mkono, akamrudisha kitini, akafunga mlango. Nikakanyaga mafuta. Tulipofika katikati nikasikia nyuma panazama."

"Ile miti iko upande gani?"

"Kulia. Upande wa juu."

Nje, Godwin alifunga kalamu yake. Alikuwa mtu wa Singida, bado mgeni Mara, na mambo mengi ya huku yalimshangaza.

"Alitaka kujifungulia porini?"

"Amezaliwa hapo hapo, ameolewa hapo hapo," Mokami alisema. "Alikuwa anakwenda mahali. Twende tukapaone."

*

Barabara ya Mbalibali ni ya moramu, haina lami. Mvua ilikuwa imeshaanza kuichonga, na hapa na pale magari yamejitafutia njia ya pembeni kupitia mashamba ya watu. Mifereji ilikuwa imejaa majani. Godwin aliendesha taratibu, na walipofika Nyamoko alizima gari mwenyewe, maana mbele hapakuwa na barabara tena.

Bomba moja maji yalikuwa yamelibwaga mbali kwenye mchanga. Jingine lilibaki mahali pake, limefukiwa nusu. Godwin aliokota jiwe akaligonga lile la kwenye mchanga. Likalia vizuri. Pale lilipovunjika nondo zilichomoza nene, zimekaa kwa mpangilio.

"Jamaa alijenga," Godwin alisema.

"Alijenga."

"Basi tumwachie."

"Tukimwachia leo, kesho watampiga. Watu wa hapa wanataka jina. Tukiwanyang'anya la Athanas lazima tuwe na jingine, na liwe la kweli."

Alivua viatu, akakunja suruali, akapanda upande wa juu. Kwenye mdomo wa bomba lililobaki aliinama akaingia mpaka kiunoni. Godwin alimsikia akivuta kitu.

"Njoo unisaidie."

Walikitoa wote wawili, kizito kama mzoga wa mbuzi. Kilikuwa kiroba cha plastiki, kimejaa mchanga, kimeshonwa mdomo kwa uzi wa nailoni wa bluu. Mokami alikipangusa tope kwa kiganja. Mshono ulikuwa wa mnyororo, kila tundu limeshika mwenzake, na mwisho wa uzi haukufungwa fundo. Ulikuwa umeachwa mrefu, ukaunganishwa na kipande cha kamba ya katani. Kamba yenyewe ilikuwa fupi, imekatwa.

"Mfugaji," Godwin alisema mara moja. "Hata kwetu wanafanya. Kiangazi wanaziba kalavati, tuta linakuwa bwawa, ng'ombe wanakunywa. Halafu mvua inakuja wamesahau."

Mokami hakubisha. Alipanda ukingoni penye migunga. Shina la mti mmoja lilikuwa limechubuka, na kwenye mchubuko palibaki kitanzi cha kamba ile ile, kimekatwa kwa panga. Mkato ulikuwa bado mweupe. Maji yangeikata kamba yangeichana. Tena maji hayana panga.

"Kuna mtu alikuja baada ya mafuriko," alisema. "Kamba ilitoka kwenye huu mti ikaenda kwenye kiroba. Katikati ameichukua."

"Anaficha ushahidi."

"Anaficha kitu."

Nyuma ya migunga kulikuwa na uzio wa matawi ya miiba, umezunguka ukingo wote mahali ambapo maji yalikuwa yamesimama. Mafuriko yalikuwa yamebeba sehemu ya chini tu. Juu ulikuwa bado imara, umefumwa vizuri, na mahali pamoja tu paliachwa mlango mwembamba. Kutoka mlango huo mawe bapa yalishuka kama ngazi mpaka chini, na jiwe la mwisho lilikuwa kubwa, limelainika katikati.

Mwanamke mmoja alikuwa pale chini anachota maji ya tope kwa kikombe na kutia ndooni. Alipowaona alisimama.

"Habari za kazi, dada," Mokami alisema.

"Nzuri, afande. Karibuni." Alijitaja kuwa ni Agustina, wa kitongoji cha hapo juu.

"Mnachota hapa siku zote?"

"Hapa? Hapana. Haya ni ya mvua tu."

"Kabla ya mvua mlichota wapi?"

Agustina aliiangalia ndoo yake. "Mbali. Kule karibu na hifadhi."

"Na huu uzio ni wa nani?"

"Wa watu wa ng'ombe hao."

Alijitwika ndoo akapanda. Mikono yote miwili ilikuwa juu, macho yake yako kwa polisi, lakini mguu haukutafuta. Ulikwenda kwenye jiwe la kwanza, la pili, ukakwepa lile linalocheza, ukatua kwenye linalofuata, kama mtu anayetoka jikoni kwake kwenda uani. Mokami alimpisha kwenye mlango wa miiba.

"Pole na msiba," alimwambia.

Maji yalimwagika kidogo kwenye ndoo. Agustina aliongeza mwendo.

*

Nyumba ya Emanuel ilikuwa ndani ya mji wa baba yake, boma la mzee Waitara, kama ilivyo desturi. Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba. Udongo wake mvua ilikuwa imeshaubonyeza, na juu yake mtu ameweka sufuria jipya lililotobolewa lisiibwe. Emanuel alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi. Plasta ilikuwa kwenye paji la uso.

"Mmekuja na jina?"

"Shikamoo kwanza niwape wazee," Mokami alisema.

"Nimekuuliza, afande. Kila siku mnakuja na maswali. Mimi nataka jina la aliyemuua mke wangu. Kama ni Athanas, semeni ni Athanas. Kama alikula na wengine ofisini, watajeni na hao. Nataka jina tu. Nitalia vizuri nikilijua."

"Utalipata."

"Lini?"

"Leo."

Godwin alimtazama kwa mshangao. Mokami alikuwa anatazama ndani ya mlango. Kwenye kona ya sebule, juu ya mbao, palikuwa na kiroba kimesimama peke yake.

"Kile ni nini?"

"Ulezi. Aliuandaa mwenyewe, wa uji wa uzazi. Alichambua, akaosha, akaanika, akashona. Jana kina mama walitaka kuufungua wapikie watu. Nimekataa." Sauti yake ilikwaruza. "Ni mkono wake ule. Hakuna atakayeufungua."

Uzi ulikuwa wa bluu. Mokami hakusogea karibu. Hakuhitaji.

Mzee Waitara alikuwa zizini, anaegemea fimbo, anaangalia ng'ombe wake waliokonda. Mokami alimwamkia kwa Kikurya, akaulizwa ni wa wapi. Alisema ni wa Tarime, kwao ni Nkende, akataja na ukoo wake. Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Nilitaka wamlete mwanaume," alisema kwa Kiswahili, ili Godwin asikie. "Lakini si neno. Mwambie yule anayeandika aandike. Mimi ndiye niliyeziba."

"Ulizibaje, tata?" Mokami alimwita baba kwa Kikurya.

"Kwa viroba vya mchanga. Kiangazi kilikuwa kikali, ng'ombe wangu wanakufa. Ukiwapeleka kwenye maji ya hifadhi wanakamatwa. Nikaziba, bwawa likajaa, wakanywa. Nikasahau kuzibua. Ni mzee, nasahau. Nifungeni."

Godwin alikuwa anaandika haraka. Mokami alikaa juu ya gogo la mlango wa zizi.

"Walikuwa wanaingilia wapi?"

"Nani?"

"Ng'ombe. Kwenda kwenye maji."

"Pale pale. Ukingoni."

"Ukingo wote una uzio wa miiba. Mlango wake ni wa kupita mtu, tena mwembamba."

"Niliweka mimi. Wa kuzuia mbuzi."

"Ukawazuia mbuzi kwa miiba, ng'ombe wakapita wapi? Na zile ngazi za mawe, ng'ombe wako walishuka ngazi, tata?"

Mzee alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Pale chini kuna jiwe la kufulia," Mokami aliendelea, taratibu, kama anayemsomea barua. "Limelainika. Aliyeziba hakutaka kwato ziguse yale maji. Alitaka maji ya kunywa watu. Hiyo si kazi ya mwenye ng'ombe. Wewe hukuziba. Wewe ulikwenda baada ya mazishi na panga, ukakata kamba kwenye mti."

Godwin aliacha kuandika.

"Ulijuaje kwamba inakupasa kwenda?" Mokami aliuliza. "Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilikwenda kuona mahali. Nikakuta viroba vimepasuka, vimekwama kwenye majani. Nikaona mshono." Alimsogeza ng'ombe mmoja kwa fimbo. "Magunia yangu yote ya mahindi yameshonwa hivyo tangu binti yule aolewe hapa. Nilivichukua nilivyoviona, nikavifukia kwenye samadi hapo ulipokaa. Kimoja sikukiona; kamba yake iliingia kwenye tope, nikaikata hapo."

"Kilikuwa ndani ya bomba."

"Basi."

Alimgeukia Godwin, akamwona kijana anavyomshangaa.

"Wewe si wa huku, mura. Huku kwetu ng'ombe wakiibwa, watu wanafuata nyayo. Zikiingia kwenye kijiji, wenye kijiji wanawapokea wafuataji, wanawaonyesha zilipotokea upande wa pili. Wasipoonyesha, wanalipa wao. Hawabishani. Hata kama mwizi ni mpita njia na wao walikuwa wamelala. Mimi nimefuata hizi nyayo tangu korongoni. Zimeingia mjini kwangu, hazikutoka. Mwenye mji ni mimi. Nalipa mimi."

"Polisi hatuandiki hivyo, mzee," Godwin alisema, kwa upole.

"Andikeni. Uongo wa mtu wa umri wangu utamuumiza nani?"

"Emanuel," Mokami alisema. "Atakuchukia maisha yake yote."

"Anichukie! Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Akimchukia yule," na fimbo ikaelekea kaburini, "atabaki na nini, binti? Niambie wewe. Kwenye nyumba ile atabaki na nini?"

Mokami alilitazama kaburi. Alisimama, akajipangusa majani.

"Athanas ana mke pia, tata. Yuko ndani bila kosa."

Mzee alitazama ng'ombe.

"Mwachie huyo. Ila Emanuel asijue. Umeniahidi?"

"Sijakuahidi kitu."

*

Kosa la Godwin lilikuwa kuacha mlango wa nyuma wa gari wazi. Waliporudi walimkuta Emanuel amesimama pale. Kiroba cha tope kilikuwa kwenye sakafu ya gari, na Emanuel alikuwa ameweka kidole juu ya mshono. Alikuwa anakipitisha tundu kwa tundu, polepole.

"Hiki mmekitoa wapi?"

Godwin alifungua mdomo. Mokami alimzuia kwa mkono.

"Kwenye mdomo wa kalavati," alisema. "Upande wa juu."

"Nani alikiiba kwangu akakiweka huko?"

Mzee Waitara alikuwa amekuja nyuma yao, na alisimama mbali kidogo, kama mgeni.

"Baba. Nani alikiiba?"

"Hakikuibwa," sauti ya mwanamke ilisema.

Alikuwa Agustina. Ameacha ndoo. Nyuma yake walikuwepo wanawake wengine wa kitongoji, wamejifunga kanga viunoni kama watu wanaokwenda kazini. Agustina alikuja mpaka karibu na gari.

"Afande, nilikudanganya kule. Uzio ni wetu. Na mawe ni yetu."

"Niliona," Mokami alisema. "Sema tu."

"Sisi ni kikundi cha barabara. Serikali ilitupa kazi ya kusafisha mifereji na lile kalavati. Mwaka jana tulisafisha, tukalipwa, watoto wakapata sare. Mwaka huu fungu la matengenezo halikuja. Tukaenda kuuliza, tukaambiwa subirini bajeti. Tukasubiri. Majani yakaota." Alijifuta pua kwa kanga. "Na maji hatuna. Tuliomba kisima, tukaletewa barabara. Tukashukuru, barabara nayo ni kitu. Lakini barabara hainyweki. Kiangazi tunakwenda kule karibu na hifadhi, kiza bado hakijaisha, na tembo wapo. Mke wa jirani yetu Method mmemsikia. Nyati alimkuta na ndoo kichwani."

"Aliyewaza kuziba ni nani?" Mokami aliuliza.

Wanawake waliangalia chini. Agustina alimtazama Emanuel, kisha kaburi.

"Alisema, kama wenye kalavati hawalitaki tena, sisi tunalitaka. Tulicheka! Alikuwa na maneno yule. Akashona viroba yeye mwenyewe, sisi tukajaza mchanga. Sisi wote, afande. Andika majina yetu wote. Bwawa likajaa na vimvua vile vya mwanzo vya juu huko, tukanywa, tukafua, tukapumzika. Akasema mvua kubwa ikianza tutafungua."

"Mngefunguaje? Viroba viko chini ya maji."

"Ndiyo ile kamba. Uzi wake ukiuvuta mwisho, mshono wote unafunguka, mchanga unatoka, maji yanasukuma yaliyobaki. Alitufundisha. Hata mtoto angeweza. Na kwa kuwa yeye ndiye anakaa karibu, tukamwachia kamba yeye."

"Siku ile?"

"Siku ile wingu lilikuwa upande wa Ikoma. Huku jua linawaka, sisi tuko mashambani. Maji yakaja kwanza, mvua ikafuata. Yeye uchungu ulikuwa umeshamshika tangu asubuhi." Agustina aliligeukia kaburi. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia bila sauti. "Tulijua ni sisi tangu siku ya mazishi. Tukanyamaza. Mwenyekiti wa kijiji alisema ikijulikana ni wananchi wamebomoa, hatutapewa fedha ya barabara tena. Lakini si kwa ajili ya hiyo tulinyamaza. Ni kwa ajili yako, shemeji."

Emanuel hakuwa anamwangalia. Kidole kilikuwa bado kwenye mshono, kimesimama.

"Aliomba kushuka," alisema.

"Mura," baba yake alimwita.

"Aliniambia, Emanuel, nishushe, nina kitu nafanya pale kwenye mti, ni mara moja tu. Nikamwambia kitu gani, na hali hiyo? Nikamshika hapa." Alishika kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Alikuwa na nguvu. Nikamshika kweli kweli. Nikafunga mlango."

"Hukujua," Mokami alisema.

"Hakuniambia ni nini. Mimi ningemkataza, ndiyo maana. Tangu kiangazi hakuniambia. Alijua ningesema mali ya serikali hiyo, mtatufungisha." Alimgeukia Godwin. "Wewe si ndiye unaandika? Andika. Aliomba kushuka, mume wake akamshika. Weka na jina langu. Nilitaka jina, sasa liweke."

Godwin alishika kalamu lakini karatasi ilibaki nyeupe. Mokami alitoka pembeni, akapanda kichuguu ambako mtandao unashika, akapiga simu Mugumu. Mkuu wa upelelezi alitaka kujua nani anapelekwa mahakamani Jumatatu badala ya mkandarasi.

"Nitakuletea maelezo yote, afande. Ya wote. Utaamua wewe."

"Mtuhumiwa wako ni nani, Sajenti?"

Mokami alitazama kule chini: kaburi, wanawake, mzee na fimbo yake.

"Kwa sasa mrudishieni Athanas mkanda wake," alisema. "Na asipitie huku. Akalale kwa ndugu zake mpaka niongee na kijiji."

Aliposhuka, Emanuel alikuwa amekitoa kiroba garini. Alikuwa amekibeba mwenyewe, kizito vile, akakilaza chini mbele ya nyumba. Agustina alipiga hatua kumzuia, mzee Waitara akatikisa kichwa, mwache.

Emanuel alichuchumaa. Alikitafuta kipande kile cha kamba, akakizungusha kidoleni mara moja, akakivuta.

Hakuvuta kwa nguvu. Tundu la kwanza liliachia la pili, la pili likaachia linalofuata, uzi wa bluu ukakimbia mdomo mzima bila kukwama popote, na mchanga wa Nyamoko ukamwagika wote miguuni kwake.